Kichwa kisichopona: utepe wa dakika 10, sindano ya mgongo na dozi moja ya dripu dhidi ya fangasi wa ubongo

Mgonjwa wa uti wa mgongo wa fangasi huwa amezunguka sana kabla ya kufika anakotakiwa. Kichwa kilianza kuuma taratibu, wiki mbili au tatu nyuma. Akameza panadol, kikapoa, kikarudi. Akapima malaria, hakuna. Akapima taifodi, akaambiwa ipo, akamaliza dozi. Kichwa kikabaki palepale, kikazidi usiku na alfajiri, kikaja na kutapika. Shingo huenda isikaze na homa huenda ikawa ndogo tu, na hapo ndipo wengi hupotea njia, maana uti wa mgongo tunaoujua ni wa shingo ngumu na homa kali. Mpaka aanze kuona vitu viwiliviwili au kuropoka, ubongo umeshakaa chini ya shinikizo siku nyingi.

Anayesababisha yote haya ni fangasi aitwaye Cryptococcus neoformans. Hapa tumwite kriptokokasi. Chini ya hadubini anafanana na hamira, kiduara kimoja kinachozaa kingine ubavuni, ingawa kwa ukoo yuko karibu zaidi na uyoga. Anaishi kwenye udongo, kwenye miti na kwenye kinyesi cha ndege, hasa njiwa. Tunamvuta kwa pumzi bila kujua, na kinga ya mwili ikiwa imara humzuia mapafuni. Kinga ikiporomoka, hasa kwa mtu anayeishi na VVU ambaye CD4 zake, yaani chembe za kinga zinazoshambuliwa na VVU, ziko chini ya 100 kwa mikrolita ya damu, anatoka mapafuni, anapita kwenye damu na kuingia ubongoni. Makadirio ya mwaka 2020 yanataja wagonjwa wapatao 152,000 duniani kwa mwaka na vifo 112,000, karibu kifo kimoja kati ya vitano vitokanavyo na UKIMWI. Sehemu kubwa ni Afrika kusini mwa Sahara.

Ukisikia utafiti wa vifaa vipya vya kupima na kutibu magonjwa ya ubongo, unaweza kufikiria mashine za picha za mabilioni ya shilingi. Kwa ugonjwa huu mambo yaligeuzwa na vitu vya kushika mkononi: utepe wa karatasi, sindano na bomba la plastiki lililopimwa kwa rula, na dawa ya zamani iliyovikwa mafuta. Havikuja siku moja, na kila kimoja kina namna yake ya kuharibika kikishikwa vibaya.

Ubongo unaozama

Ubongo unaelea kwenye maji. Mtu mzima ana takriban mililita 150 za maji hayo kwa wakati mmoja, na mwili hutengeneza kama mililita 500 kwa siku, kwa hiyo yanabadilishwa yote zaidi ya mara tatu kila siku. Yanayotengenezwa lazima yatoke. Hutoka kupitia vijitundu vidogo kwenye utando wa ubongo na kurudi kwenye damu.

Kriptokokasi amevaa koti nene la sukari. Koti hilo humficha dhidi ya chembe za kinga, na pia humeguka na kumwagika kwenye maji ya ubongo. Sukari hiyo nzito, pamoja na fangasi wenyewe, huziba vile vijitundu. Bomba la kuingiza liko wazi, la kutolea limeziba nusu, na fuvu halitanuki. Shinikizo hupanda. Mshipa wa fahamu wa sita, unaogeuza jicho kwenda nje, una safari ndefu chini ya ubongo na ni mmoja wa wa kwanza kubanwa. Ndiyo maana mgonjwa huona viwiliviwili. Ule wa kuona ukibanwa muda mrefu, upofu wake huenda usirudi nyuma hata fangasi wakifa wote.

Kwa hiyo wodini kuna maadui wawili: fangasi, ambaye dawa humpunguza kwa siku na wiki, na maji, yanayoweza kuua leo jioni.

Utepe

Kwa miongo mingi kipimo kilikuwa wino wa India. Fundi wa maabara huchukua tone la maji ya mgongo, huchanganya na tone la wino mweusi, huweka kwenye hadubini. Wino haupenyi koti la sukari, kwa hiyo fangasi huonekana kama nyota nyeupe kwenye usiku wa giza. Ni kipimo rahisi na kizuri kukitazama, ila kina tundu: kinahitaji fangasi wawe wengi. Katika utafiti wa Uganda na Afrika Kusini uliochapishwa mwaka 2014, kilikamata takriban asilimia 86 ya wagonjwa wote, lakini kwa wale wenye fangasi chini ya 1,000 kwa mililita kilikosa zaidi ya nusu. Hao ndio waliofika mapema, ambao kwao matibabu yangefaa zaidi. Kuotesha fangasi maabara ni sahihi zaidi, ila huchukua siku kadhaa, na siku kadhaa hazipo.

Utepe mpya hautafuti fangasi. Unatafuta ile sukari ya koti, yaani antijeni, ambayo humwagika kwa wingi kuliko fangasi wenyewe. Uliidhinishwa Marekani mwaka 2011, na katika utafiti uleule wa 2014 ulikamata zaidi ya asilimia 99 ya wagonjwa kwa maji ya mgongo. Unafanya kazi hata kwa damu. Anayejua kipimo cha haraka cha malaria ataelewa huu mara moja.

Hatua ni chache. Tone moja la kimiminika cha kuzimulia huwekwa kwenye kibomba kidogo cha maabara. Huongezwa mikrolita 40 za sampuli: maji ya mgongo, ute wa damu au damu nzima, kadiri maelekezo ya pakiti yanavyoruhusu. Utepe huzamishwa ncha nyeupe ikiwa chini. Baada ya dakika 10 husomwa. Mistari miwili ni chanya, hata ule wa kipimo ukiwa hafifu kama uzi. Mstari mmoja wa uthibitisho ni hasi. Mstari wa uthibitisho usipotokea, utepe huo umekufa; chukua mwingine.

Kosa la kwanza ni kupuuza mstari hafifu kwa kudhani ni kivuli. La pili linashangaza: antijeni ikizidi kiasi, utepe unaweza kutoa mstari hafifu sana au kukana kabisa. Kingamwili zilizopakwa kwenye utepe huzidiwa, zile sukari zinakaba kila nafasi bila kuunda ule mnyororo unaotoa rangi. Matokeo yake, mgonjwa mahututi kuliko wote anaonekana mzima. Dalili zikipiga kelele na utepe ukikana, sampuli izimuliwe, mathalani sehemu moja kwa kumi, na kipimo kirudiwe.

La tatu hutokea miezi baadaye. Antijeni hukaa mwilini muda mrefu baada ya fangasi kufa, kwa miezi na hata miaka. Mtu aliyepona akirudi na kichwa, utepe utakuwa chanya, na mtu mwenye haraka ataandika kwamba ugonjwa umerudi. Utepe hauwezi kujibu swali hilo. Linajibiwa na kuotesha maji ya mgongo kuona kama kuna fangasi hai.

Faida kubwa ya utepe, kwa maoni yetu, haiko wodini. Iko kliniki. Utafiti wa Uganda uliochapishwa mwaka 2002 ulikuta kwamba kwa nusu ya wagonjwa antijeni ilikuwa kwenye damu siku 22 au zaidi kabla ya dalili za uti wa mgongo, na kwa asilimia 11 zaidi ya siku 100. Hapo kuna mlango ulio wazi: mtu anatembea, anafanya kazi, kichwa hakiumi, na tayari tone la damu linasema kinachokuja.

Mlango huo ulijaribiwa Dar es Salaam na Lusaka, katika jaribio lililoitwa REMSTART, likiongozwa upande wa Tanzania na Sayoki Mfinanga wa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR. Watu 1,999 wanaoanza ARV wakiwa na CD4 chini ya 200 waligawanywa makundi mawili. Kundi moja lilipata huduma ya kawaida ya kliniki. Jingine lilipimwa antijeni, wenye nayo wakapewa flukonazoli, dawa ya fangasi ya kumeza, na wote wakatembelewa nyumbani na wahudumu wa jamii waliofundishwa kwa muda mfupi katika wiki za mwanzo za dawa. Baada ya miezi 12 walikuwa wamefariki asilimia 18 kwenye kundi la kawaida na 13 kwenye jingine. Matokeo yalichapishwa mwaka 2015. Ukiyasoma kwa makini, utepe peke yake hauwezi kudai sifa zote. Ziara za nyumbani zilikuwa sehemu ya kifurushi, na hakuna aliyevitenganisha.

Kwa sasa Shirika la Afya Duniani linashauri kila mtu mzima anayeishi na VVU mwenye CD4 chini ya 100 apimwe antijeni kabla ya kuanza au kurudia ARV, na chini ya 200 pia inapowezekana. Mwenye antijeni kwenye damu achunguzwe maji ya mgongo. Yakiwa safi, anapewa flukonazoli miligramu 800 hadi 1,200 kwa siku wiki mbili, kisha 800 kwa wiki nane, kisha 200.

Hapo pana kikwazo ambacho hakikutarajiwa. Tangu sera ya kumwanzishia dawa kila anayekutwa na VVU, CD4 hazikuhitajika tena kuamua nani aanze, na mashine nyingi za CD4 zikakosa vitendanishi au mafundi. Kipimo cha wingi wa virusi kilichochukua nafasi yake hakisemi kinga iko chini kiasi gani. Bila CD4 hujui nani wa kupima antijeni. Kuna sasa utepe wa CD4 pia, unaotumia damu ya kidole na kutoa jibu kwa dakika 40: juu ya 200 au chini ya 200. Haukupi namba, ila kwa uamuzi huu namba haihitajiki.

Sindano ya mgongo

Hakuna hatua inayokataliwa na ndugu kama hii. "Alitolewa maji ya mgongo, kesho yake akafa" ni maneno yanayosikika kwenye kila wodi, na si uongo. Ni mpangilio wa matukio uliogeuzwa. Mgonjwa huletwa siku ya mwisho, sindano hufanywa siku ya mwisho, kifo hufuata, na sindano hubeba lawama. Inapofafanuliwa kwamba maji yamejaa kichwani kama pipa lisilo na tundu na kwamba sindano ndiyo tundu, wengi hukubali, hasa wakimwona mgonjwa mwingine akiinuka kitandani kichwa kikiwa kimepoa dakika chache baadaye. Nafuu hiyo ya haraka ni ya kweli. Dawa ya kumeza haiwezi kuitoa.

Hofu ya kupooza nayo ina jibu la kianatomia. Uti wenyewe wa mishipa ya fahamu huishia usawa wa pingili ya kwanza au ya pili ya kiuno. Sindano huingia kati ya ya tatu na ya nne, au ya nne na ya tano, ambako kuna nyuzi tu zinazoelea majini na kusogea.

Kinachosahaulika mara nyingi ni kupima shinikizo. Manometa ya kununua ikikosekana, bomba tupu la dripu lililo safi huunganishwa na sindano, husimamishwa wima, na urefu wa maji husomwa kwa rula kuanzia usawa wa sindano. Kawaida ni chini ya sentimita 20. Kuanzia 25 ni juu, na zaidi ya nusu ya wagonjwa hawa wako huko. Wengine maji hufurika juu ya bomba. Mgonjwa awe amelala ubavu. Akikaa, uzito wa safu ya maji toka kichwani huongeza namba. Akiwa amejikunja magoti tumboni, tumbo hubana na namba hupanda bandia, kwa hiyo sindano ikishaingia miguu inyooshwe kiasi kabla ya kusoma.

Shinikizo likiwa juu, maji hutolewa hadi lishuke chini ya 20, au angalau nusu ya lilivyoanza, na kwa kawaida ni mililita 20 hadi 30. Kumbuka ile 500 kwa siku: mwili unaweza kurudisha kiasi hicho kwa saa moja na nusu tu. Kwa hiyo sindano moja haitoshi mtu ambaye njia ya kutolea bado imeziba. Inarudiwa kila siku mpaka shinikizo litulie na dalili ziishe, na wapo wanaohitaji mara nne au tano katika wiki ya kwanza. Kundi la watafiti wa Uganda, katika ripoti ya mwaka 2014, lilikuta kwamba waliofanyiwa sindano ya kupunguza maji walikuwa na hatari ndogo ya kufa kwa asilimia 69 katika siku zilizofuata, hata kwa waliokuja shinikizo likiwa si la kutisha.

Wapo wasiofaa kuchomwa kwanza: aliyepooza upande mmoja, mwenye degedege zinazorudiarudia, mwenye tatizo la damu kutoganda, mwenye kidonda au mgongo uliopinda mahali pa sindano. Jicho lisilogeuka nje, lile la mshipa wa sita, halihesabiwi kuwa kizuizi. Kwa wasiochomwa, damu yao hupimwa kwa utepe na dawa huanza bila kusubiri.

Dawa iliyovikwa mafuta

Amfoterisini B ilipatikana miaka ya 1950 kutoka kwa bakteria wa udongo wa bonde la mto Orinoco, Venezuela. Inashika mafuta maalumu yaliyo kwenye ngozi ya fangasi na kuyang'oa, na seli hufa. Ubaya wake ni kwamba seli za figo zetu nazo zina mafuta yanayofanana. Kwa miaka mingi ilitolewa kwa mshipa miligramu 1 kwa kilo kila siku, siku 14. Mgonjwa hutetemeka kwa homa wakati dripu inaingia, mshipa wa mkono huvimba, potasiamu hupotea kwenye mkojo mpaka moyo uanze kukosea mapigo, damu hupungua, figo huchoka. Hospitali isiyoweza kupima potasiamu na kreatinini, kipimo cha kazi ya figo, haikuwa salama kuitoa wiki mbili. Ndiyo maana hospitali nyingi zilibaki na flukonazoli peke yake, dawa ya kumeza iliyo rahisi kupatikana, ambayo kwa ugonjwa huu humzuia fangasi asiongezeke badala ya kumuua. Wengi walikufa wakiwa wanaimeza vizuri.

Dawa ya tatu ni flusitosini. Ilitengenezwa mwaka 1957 kwa matumaini ya kutibu saratani, ikashindwa huko, ikafaa kwa fangasi. Ni ya kumeza na hupenya ubongoni vizuri. Kwa miongo kadhaa haikusajiliwa wala kupatikana katika sehemu kubwa ya Afrika, mahali penye wagonjwa wengi kuliko popote. Hili ni jambo la kukera, maana halikuwa tatizo la sayansi.

Jaribio la ACTA, lililochapishwa mwaka 2018 na kuhusisha hospitali za Malawi, Zambia, Kamerun na Tanzania, lilibadili hesabu. Wiki moja tu ya amfoterisini pamoja na flusitosini ilifikisha vifo vya wiki 10 kuwa asilimia 24.2, wakati wiki mbili za amfoterisini ziliishia asilimia 39.7. Hata vidonge vitupu, flukonazoli na flusitosini kwa wiki mbili, viliishia 35.1. Somo lilikuwa wazi: mwenzi wa amfoterisini awe flusitosini, na sumu ipunguzwe nusu.

Swali likabaki: tunaweza kwenda chini ya wiki? Amfoterisini ya liposomu ni dawa ileile iliyofungwa ndani ya vitufe vidogo vya mafuta. Vitufe huipitisha mbali na figo, huingia kwenye ubongo na kukaa humo kwa muda mrefu. Jaribio la AMBITION, la Botswana, Malawi, Afrika Kusini, Uganda na Zimbabwe, lilijaribu dozi moja kubwa, miligramu 10 kwa kilo, siku ya kwanza tu, pamoja na siku 14 za flusitosini miligramu 100 kwa kilo kwa siku na flukonazoli 1,200. Katika wagonjwa 814 waliohesabiwa, vifo vya wiki 10 vilikuwa asilimia 24.8, dhidi ya 28.7 kwa tiba ya wiki moja iliyokuwa kipimo cha kulinganisha. Madhara makali yalipungua kutoka asilimia 62.3 hadi 50. Matokeo yalitoka Machi 2022, na mwaka huohuo Shirika la Afya Duniani likaifanya kuwa tiba ya kwanza.

Kwenye karatasi ni dozi moja. Wodini ni kazi ya mikono inayohitaji utulivu. Mgonjwa wa kilo 60 anahitaji miligramu 600, yaani vichupa 12 vya miligramu 50. Kila kichupa huwekwa mililita 12 za maji safi ya sindano, hutikiswa kwa nguvu nusu dakika mpaka unga wote uyeyuke, na hutoa miligramu 4 kwa mililita. Huvutwa na kupitishwa kwenye chujio lake kuingia kwenye dextrose ya asilimia 5. Kwa jumla ya mililita 500, kila mililita itabeba miligramu 1.2, ndani ya mpaka unaoruhusiwa wa 0.2 hadi 2. Huingia kwa saa mbili hivi. Kabla yake mgonjwa hupewa lita moja ya maji ya chumvi yenye milimoli 20 za potasiamu kloridi, kulinda figo.

Maji ya chumvi ni ya kabla tu. Yakikutana na dawa yenyewe, iwe kwenye chupa au kwenye bomba lile la dripu, dawa huganda na kuharibika. Kama mshipa ni mmoja, bomba lisuuzwe kwa dextrose kwanza. Hili hutokea mara nyingi kwa sababu chupa ya chumvi ndiyo iliyo karibu na mkono.

Kosa la kutisha zaidi ni lingine. Amfoterisini ya kawaida nayo huja kwenye kichupa cha miligramu 50, nayo ni unga wa manjano. Miligramu 10 kwa kilo za ile ya liposomu ni tiba. Za ile ya kawaida ni kifo, kwa moyo kusimama. Ya kawaida haipaswi kuvuka miligramu 1.5 kwa kilo kwa siku. Dawa hizi mbili zisikae rafu moja, jina lisomwe kwa sauti na watu wawili, na cheti cha dawa kiandike neno liposomu kwa ukamilifu bila kufupisha. Utunzaji nao hutofautiana: ya kawaida hukaa kwenye friji mbali na mwanga, ya liposomu isiyofunguliwa hukaa chini ya nyuzi 25, jambo ambalo stoo ya bati mjini Tanga haiwezi kulitimiza mwezi Februari.

Flusitosini kwa mtu yuleyule wa kilo 60 ni vidonge 12 vya miligramu 500 kwa siku: vitatu kila baada ya saa sita. Vile vya saa sita usiku ndivyo vinavyokosekana. Muuguzi ni mmoja kwa vitanda vingi, ndugu ameambiwa aondoke saa ya kutazama wagonjwa ikiisha, na mgonjwa mwenyewe hajui ni saa ngapi. Aliyepoteza fahamu hupewa vikiwa vimesagwa, kwa mpira wa puani. Figo zikidhoofika dozi ipunguzwe, la sivyo dawa hulundikana na kukausha uboho, na chembe nyeupe za damu huporomoka.

Bei ilikuwa kizuizi kwa muda. Mwaka 2018 kampuni ya Gilead ilitangaza bei ya dola 16.25 kwa kichupa cha liposomu kwa ugonjwa huu katika nchi 116. Zidisha kwa 12 upate dola 195 kwa mgonjwa mmoja. Bei iliyotangazwa na dawa iliyopo kabatini ni vitu viwili, kama ajuavyo kila aliyewahi kuandika oda ya dawa.

Yaliyojaribiwa yakakataa

Utafiti hupendwa unapoleta kitu kipya. Kwa ugonjwa huu umeokoa watu vilevile kwa kuondoa mazoea. Dexamethasone, inayosaidia uti wa mgongo wa TB, ilionekana ya akili: ubongo umevimba, punguza uvimbe. Jaribio kubwa la Asia na Afrika, Uganda na Malawi zikiwemo, lilisimamishwa baada ya wagonjwa 451 kwa sababu waliopewa walibaki na ulemavu zaidi na fangasi walikufa polepole zaidi. Asetazolamidi, ya kupunguza utengenezaji wa maji, ilidhuru. Sertralini, dawa ya sonona iliyoonekana kuua fangasi kwenye maabara, ilijaribiwa Uganda kwa wagonjwa 460 na haikuongeza hata mmoja aliyepona.

Gumu zaidi kulikubali lilikuwa la ARV. Mgonjwa ana VVU isiyotibiwa. Hisia zote zinasema aanze leo. Jaribio la COAT, la Uganda na Afrika Kusini, lilikuta kwamba walioanza ARV wiki ya kwanza au ya pili walikufa asilimia 45 ndani ya wiki 26, na waliosubiri takriban wiki tano asilimia 30. Kinga ikiamka ghafla juu ya ubongo uliojaa mabaki ya fangasi, vita yenyewe huua. Sasa ushauri ni kusubiri wiki 4 hadi 6. Kwa hiyo kliniki inayompa mtu ARV siku hiyohiyo aliyopimwa inapaswa kuuliza kwanza kuhusu kichwa. Swali hilo halina gharama.

Kinachopikwa sasa

Robo ya wagonjwa bado wanakufa hata kwenye tiba bora, ndani ya majaribio yenye madaktari wengi na vipimo vya kila siku. Nje ya hapo ni zaidi. Juhudi mpya zinalenga mahali panapovuja. Mradi wa DNDi, shirika lisilo la faida linalotafuta dawa za magonjwa yaliyosahaulika, unatengeneza flusitosini inayotoka taratibu, ili ile dozi ya usiku wa manane isihitajike. Uganda imejaribu amfoterisini ya kumeza, iliyokunjwa ndani ya tabaka za mafuta kama mkeka, na majaribio ya awali yametia moyo. Jaribio la EFFECT, la Tanzania na Afrika Kusini, linauliza kama flusitosini iongezwe kwa mtu aliyekutwa na antijeni kwenye damu kabla ya dalili, maana anayepewa flukonazoli peke yake bado hufa mara mbili au zaidi ya mwenzake asiye na antijeni.

Anayetoka wodini bado ana safari: flukonazoli 800 kwa wiki nane, kisha 200 kila siku kwa angalau mwaka mmoja, mpaka CD4 zivuke 200, au zivuke 100 na virusi visionekane tena. Kichwa kikirudi katikati ya safari hiyo, aanze kwa kupimwa shinikizo na kuoteshwa maji, na asiulizwe utepe unasemaje.